Dengu na mchele kwa masala: chakula cha Wahindi kinachookoa makala

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, mama anayewasha mbabula anajiuliza maswali mawili kwa pamoja: leo mboga ni nini, na makala yaliyobaki ndani ya mfuko yatatosha? Maharagi yanashibisha, lakini yanaweza kukaa motoni saa mbili hadi tatu. Sombe nayo inataka moto wa muda mrefu. Nyama iko sokoni, lakini kwa familia nyingi si ya kila siku.

Nchini India, mamia ya mamilioni ya watu wamejibu swali hilo kwa namna yao. Wanapika dengu kwa viungo, wanazimwaga juu ya mchele, na hicho ndicho chakula cha mchana au cha usiku. Tajiri anakula, maskini anakula. Dengu nyekundu haihitaji kulowekwa usiku, na inaiva kwa muda wa nusu saa hivi. Kwa mtu anayenunua makala kidogo kidogo kila siku, hilo si jambo dogo.

Hapa tunaeleza chakula hicho ni kipi, kwa nini kinafaa jiko la Kivu na Ituri, namna ya kukipika juu ya mbabula moja, na somo gani kinatoa hata kwa yule ambaye hatapata dengu na atabaki na maharagi yake.

Dengu ni ipi?

Jina hili linachanganya watu. Tanzania, wengi wakisema dengu wanafikiri aina nyingine, ile punje kubwa ya mviringo ambayo Kifaransa kinaita pois chiche. Hapa tunazungumzia ile ndogo, bapa, ambayo kwenye maduka yetu inauzwa kwa jina la Kifaransa la lentilles. Kuna ya kijani na ya kahawia, zenye ganda. Na kuna nyekundu, iliyotolewa ganda na mara nyingi kupasuliwa vipande viwili. Hiyo nyekundu ndiyo inayoiva upesi kuliko zote. Ikipikwa inapoteza rangi yake na kuwa ya manjano.

Wahindi wanaita chakula hiki dal. Neno hilo lina maana mbili: mbegu yenyewe iliyopasuliwa, na mchuzi wake uliopikwa. Na dal haitoki kwa dengu peke yake. Choroko zinapikwa dal, mbazi zinapikwa dal, hata kunde. Kila jimbo lina yake. Bengal wanapenda dengu nyekundu na mchanganyiko wa mbegu tano za viungo. Gujarat wanatia sukari guru kidogo ndani. Kusini, kwa watu wa Tamil Nadu, mbazi zinapikwa na mboga na ukwaju. Punjab wana dal nyeusi, nzito, yenye siagi.

Wasomaji wa Biblia wanaijua dengu tangu zamani. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 25, Esau anarudi kutoka porini akiwa amechoka na njaa, na anamuuzia ndugu yake Yakobo haki ya mzaliwa wa kwanza kwa ajili ya mkate na chakula cha dengu.

Chakula cha wote

India ni nchi ya kwanza duniani kwa kulima jamii hii ya mbegu, na ni ya kwanza pia kwa kuzila. Hata mavuno yake hayaitoshelezi: kila mwaka inanunua dengu nyingine Canada na Australia. Sababu moja ni kwamba mamilioni ya Wahindi hawali nyama kabisa kwa ajili ya dini. Kwao dal ndiyo nyama.

Katika mji wa Amritsar kuna Hekalu la Dhahabu, mahali patakatifu pa watu wa dini ya Sikh. Jiko lake halifungwi. Makumi ya maelfu ya watu wanakula pale kila siku bila kulipa hata senti, na chakula kikubwa ni dal na mikate bapa inayofanana na chapati. Wote wanakaa chini, kwa mistari, bila kuulizana kabila wala dini. Wapishi wengi na waosha sahani ni watu waliojitolea.

Shuleni ni vilevile. Mnamo Novemba 2001, Mahakama Kuu ya India iliamuru majimbo yote yawape watoto wa shule za msingi za serkali chakula kilichopikwa, si nafaka ya kubeba nyumbani. Leo mpango huo unahusu zaidi ya watoto milioni 100. Kipimo chake kimeandikwa: kwa mtoto wa shule ya msingi, gramu 100 za nafaka na gramu 20 za dengu au mbegu za jamii hiyo kila siku ya masomo, kwa wale wa madarasa ya juu kidogo, gramu 150 na gramu 30. Mpango huo haukuhitaji nyama ndipo uanze. Katika majimbo mengi ulianza na mchele na dal.

Na mtu akiugua tumbo, au mtoto akianza kuachishwa ziwa, Wahindi wanapika mchele na dengu au choroko ndani ya sufuria moja mpaka vilainike kama uji mzito. Wanaita khichdi. Si chakula cha jana. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 kabla ya kuendelea hadi India, aliandika kwamba watu wa huko walikuwa wanapika choroko pamoja na mchele, wanatia siagi, na kula asubuhi.

Wahindi na sisi

Chakula hiki si kigeni sana kwetu kama mtu anavyoweza kufikiri. Kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza walileta wafanyakazi karibu 32 000 kutoka India kujenga njia ya reli kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria. Wengi walirudi kwao, lakini maelfu walibaki. Wachuuzi, hasa watu wa Gujarat, wakafungua maduka Kenya, Uganda na Tanganyika, na wengine wakaendelea mpaka huku mashariki mwa Congo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Miaka ya baadaye baadhi yao walirudi.

Maneno yao yamebaki midomoni mwetu. Gari ni neno la Kihindi. Chapati tunayokula na chai asubuhi ni ya Kihindi, hata jina lake.

Kisha, tangu miaka ya 2000, walikuja wanajeshi wa kulinda amani. Wahindi walikaa Kivu ya Kaskazini, Wapakistani Kivu ya Kusini, Wabangladeshi Ituri. Watu wana maoni yao kuhusu kazi ya MONUSCO, na si nia yetu kuyarudia hapa. Lakini nchi hizo tatu zina jambo moja la pamoja: zote zinapika dal. Leo katika miji yetu kuna maduka yanayouza mifuko ya masala na dengu nyekundu, na watu wengi wanapita mbele yake bila kujua wavifanyie nini.

Hesabu ya makala

Kwa nini maharagi yanachukua muda mrefu namna ile? Sababu moja ni ganda lake na ukubwa wa punje. Sababu nyingine ni milima yetu. Goma na Bukavu ziko kwenye urefu wa mita 1 500 hivi juu ya bahari, na Butembo iko juu zaidi. Kwenye urefu huo maji yanachemka kwenye joto la nyuzi 95 hivi, si 100. Hata ukiongeza moto, maji hayapiti hapo. Yanakauka tu upesi zaidi. Kwa hiyo maharagi yale yale yanayoiva Kisangani kwa muda fulani, Goma yatataka muda zaidi, na makala zaidi.

Na makala hayo yana mahali yanapotoka. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya makala ya Goma imetokana na miti iliyokatwa ndani ya Mbuga ya Virunga, mbuga iliyoundwa mwaka 1925 na ambayo ni ya zamani kuliko zote Afrika. Biashara hiyo imelisha pia makundi yenye silaha. Mama anayepika hana kosa, anahitaji moto. Lakini kila saa anayopunguza motoni ni faranga inayobaki mfukoni mwake, na ni mti unaobaki umesimama.

Dengu nyekundu, kwa sababu haina ganda na ni nyembamba, inaiva Goma kwa dakika 30 au zaidi kidogo. Ukijumlisha mchele na viungo vya kukaanga, chakula chote kinakuwa tayari kwa muda wa saa moja hivi juu ya mbabula moja.

Vitu vinavyohitajika kwa watu sita

Tumia kikombe kimoja cha kawaida cha chai kupimia vyote.

Kwa dengu: vikombe 2 vya dengu nyekundu, vikombe 7 au 8 vya maji, kijiko kidogo 1 cha manjano, ile Kifaransa kinaita curcuma, na vijiko vidogo 2 vya chumvi.

Kwa viungo vya kukaanga: vijiko vikubwa 4 vya mafuta, vijiko vidogo 2 vya jira nzima, ambayo kwenye pakiti imeandikwa cumin, vitunguu 2, punje 5 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi kinacholingana na kidole gumba, pilipili 1 au 2, tomati 3 zilizoiva, na ndimu 1.

Kwa mchele: vikombe 3 vya mchele, vikombe 6 hivi vya maji, na chumvi.

Mafuta yawe yale yasiyo na harufu kali. Mawese mekundu ni mazuri kwa sombe, lakini hapa yatafunika harufu ya jira. Wahindi wenye uwezo wanatumia samli. Wale wa Masisi na sehemu nyingine za wafugaji wanaopata mafuta ya ng'ombe wanaweza kuyatumia; ni ndugu wa karibu wa samli.

Namna ya kupika

Kwanza, chambua dengu kwenye sinia, kwa sababu vijiwe havikosi. Osha mara tatu au nne mpaka maji yasiwe na ukungu. Loweka mchele pembeni, ukae nusu saa wakati dengu iko motoni.

Tia dengu na maji kwenye sufuria kubwa. Ikianza kuchemka itatoa povu jingi. Liondoe kwa kijiko, la sivyo litamwagika na kuzima moto. Sasa tia manjano. Punguza makala, acha mfuniko wazi kidogo, na koroga mara kwa mara ili isishike chini. Usitie tomati wala ndimu wakati huu. Vitu vyenye uchachu vinazuia dengu kulainika, na hii ndiyo sababu ya wengi kulalamika kwamba dengu zao zimekataa kuiva. Baada ya dakika 30 hivi, bonyeza punje moja kati ya vidole viwili. Ikipondeka bila nguvu, imeiva. Tia chumvi, pondaponda kidogo kwa mwiko, funika, funga sufuria kwa kitambaa kizito na uiweke kando. Itabaki na moto wake.

Pili, mwaga maji ya kulowekea mchele, tia maji mapya yenye chumvi, yachemke, kisha tia mchele. Maji yakishuka na kufika usawa wa mchele, funika vizuri na uondoe sehemu ya makala chini. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Usikoroge. Ukiwa tayari uache umefunikwa.

Tatu ndiyo hatua inayofanya dengu iitwe ya Kihindi. Kaskazini wanaiita tadka, Gujarat vaghar. Maana yake ni kukaanga viungo ndani ya mafuta ya moto, kisha kumwaga vyote ndani ya dal iliyokwisha kuiva. Makala yaliyobaki baada ya mchele yanatosha.

Pasha mafuta kwenye kikaango. Tupa punje moja ya jira: ikipanda juu na kutoa vipovu mara moja, mafuta yako tayari. Tia jira yote. Itaanza kupasuka na kubadilika rangi kwa sekunde chache tu, usiondoke. Tia vitunguu vilivyokatwa vyembamba na uvikaange mpaka viwe kahawia kabisa, si vyeupe wala vya njano tu. Hapo ndipo ladha iko. Kisha kitunguu saumu, tangawizi iliyopondwa na pilipili, kwa dakika moja. Mwisho tomati, na ukoroge mpaka zipondeke na mafuta yaanze kujitenga pembeni.

Mwaga yote ndani ya dengu. Italia kwa sauti. Funika upesi ili harufu ibaki ndani. Baada ya dakika chache koroga, onja chumvi, kamua ndimu. Kama dengu imekuwa nzito sana, ongeza maji ya moto, si ya baridi. Inapaswa kumwagika juu ya mchele na kuingia ndani yake, bila kusimama kama bugali.

Mwenye kupenda majani ataongeza lengalenga au épinards zilizokatwa vidogo dakika tano kabla ya kutia viungo. Wahindi nao wanapika dal na majani namna hiyo. Seleri au kotimiri juu yake vinapendeza.

Viungo vichache vinatosha

Watu wengi wanaogopa chakula cha Wahindi kwa sababu wanafikiri kinahitaji viungo ishirini. Masala maana yake ni mchanganyiko wa viungo tu, na kila nyumba ina wake. Kwa dal ya kila siku, manjano na jira vinatosha. Mwenye uwezo ataongeza mbegu za giligilani zilizosagwa, au karafuu mbili na kipande cha mdalasini.

Na siyo lazima iwe kali. Pilipili yenyewe si ya India kwa asili. Ilitoka Amerika, na Wareno ndio walioifikisha India katika karne ya 16. Kabla ya hapo Wahindi walikuwa na pilipili manga na tangawizi. Tomati nazo zilitoka Amerika na zikafika baadaye.

Kuna tahadhari moja kuhusu manjano ya unga. Mwaka 2019 watafiti walichapisha kwamba nchini Bangladesh baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakiipaka rangi ya njano yenye risasi, ile Kifaransa kinaita plomb, ili ing'ae. Risasi inaharibu ubongo wa watoto. Serkali ya huko ilichukua hatua na hali ikabadilika sana. Hata hivyo ni vizuri kukwepa unga unaouzwa wazi, usio na pakiti, wenye rangi kali kupita kawaida. Ukipata mizizi mizima, nunua hiyo uisage mwenyewe. Ukikosa kabisa, acha. Dal bila manjano itakuwa na rangi hafifu, lakini italiwa.

Faida kwa mwili

Dengu kavu ina karibu robo ya uzito wake katika protini. Mchele una asilimia 7 hivi. Kwa vipimo tulivyotoa, gramu 400 za dengu na gramu 600 za mchele, kila mtu kati ya sita anapata karibu gramu 23 za protini. Ni karibu sawa na zile zilizo ndani ya gramu 100 za nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa.

Kuna siri nyingine ndani ya ndoa hii. Protini imeundwa na sehemu ndogo ndogo, na mwili unazihitaji zote. Mchele una upungufu wa sehemu moja ambayo dengu inayo kwa wingi, na dengu ina upungufu wa nyingine ambayo mchele unayo. Vikiliwa pamoja vinakamilishana. Maharagi na mchele, au maharagi na bugali ya mahindi, vinafanya kazi hiyo hiyo. Bugali ya muhogo peke yake haifanyi, kwa sababu muhogo karibu hauna protini.

Jambo hili si la kuchezea Kivu. Wazazi wetu wanajua ugonjwa wa bwaki: mtoto anayevimba miguu na uso, nywele zinazogeuka rangi, mtoto anayenyamaza na kukataa kucheza. Unawashika sana watoto waliotoka ziwani na kupewa bugali tupu. Mtoto aliyeonyesha dalili hizo hapaswi kutibiwa kwa sufuria ya nyumbani. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Lakini kwa mtoto mzima wa afya aliyepita miezi sita, mchele na dengu zilizopondwa vizuri, bila pilipili, na mafuta kidogo juu, ni chakula cha kumwongezea pamoja na maziwa ya mama.

Dengu ina pia madini ya chuma, ambayo wajawazito wanahitaji. Ndimu inasaidia mwili kuyapokea. Chai inayazuia; ni vizuri kuinywa saa moja au zaidi baada ya kula.

Na kama dengu ni ghali?

Tuseme ukweli: dengu inayouzwa kwetu imetoka mbali, na bei yake inafuata barabara, mipaka, dola na vita. Mchele wa nje vilevile. Mwezi wa Julai 2023 India ilizuia kuuza nje mchele wake mweupe wa kawaida, na bei ikapanda duniani mpaka ilipofungua tena Septemba 2024. Pale ambapo kilo ya dengu inapita mara mbili bei ya maharagi, makala yanayookolewa huenda yasilipe tofauti hiyo. Kila nyumba ipige hesabu yake: bei ya kilo pamoja na bei ya makala ya kuiivisha, si bei ya kilo peke yake.

Lakini yule anayebaki na maharagi hajakosa somo. Kaskazini mwa India kuna chakula kinachopendwa sana, rajma na mchele, na rajma si kitu kingine ila maharagi mekundu, jamii ile ile inayolimwa Masisi, Rutshuru, Kabare na Walungu. Hayakuwa ya India wala ya Congo. Yalitoka Amerika na kufika kwa wote wawili. Wahindi wanayapika hivi: yanalowekwa usiku mzima, maji hayo yanamwagwa, yanachemshwa kwa maji mapya mpaka yalainike, kisha yanatiwa jira, kitunguu kilichokaangwa kahawia, saumu, tangawizi na tomati, kwa mpango ule ule tulioueleza. Tomati zinaingia mwisho, kwa sababu ile ile.

Kuloweka peke yake kunapunguza sana muda wa moto. Na kuna njia ya kupunguza zaidi: maharagi yaliyolowekwa yakishachemka kwa nguvu kwa muda wa robo tatu ya saa, ondoa sufuria ikiwa imefunikwa, ifunge ndani ya blanketi mbili au uiweke kwenye kikapu kilichojazwa majani makavu ya migomba, uiache saa tatu au nne. Moto wake wenyewe utaendelea kuyaivisha. Kabla ya kula, yarudishe motoni yachemke vizuri. Usifupishe mchemko wa kwanza, maana maharagi mekundu yasiyochemshwa kwa nguvu angalau dakika 10 yana sumu inayoumiza tumbo.

Mbazi pia zinafaa. Ndizo hasa Wahindi wengi wanazotumia kwa dal, na wakulima wa Tanzania wanawauzia kwa wingi. Njegere kavu zilizopasuliwa zinapikika vilevile. Mwenye mbegu hizo shambani au sokoni jirani hana haja ya kungoja mfuko utoke ng'ambo. Anunue jira na manjano kidogo, vinavyokaa miezi kwenye kopo lililofungwa vizuri, na vingine vyote atavipata kwa mama muuza mboga wa mtaa wake.